Karabini ya Spencer: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Ukivuta wenzo tu, iko tayari kufyatuliwa."
Hapana. Wenzo wa Spencer, bunduki fupi ya Kimarekani ya risasi saba, ndio huo huo unaokinga kifyatulio; ukishushwa hufungua chemba na kutoa ganda. Ukirudishwa juu huingiza risasi mpya. Nyundo haiguswi kabisa, askari aliirudisha nyuma mwenyewe kwa dole gumba. Mpangilio ni huu: nyundo nyuma nusu, wenzo chini, wenzo juu, nyundo nyuma kabisa, fyatua. Hiyo nusu ya mwanzo ni ya lazima. Nyundo iliyolala hukaa juu ya kipande kinachogonga ukingo wa risasi, na kufunga wenzo hivyo, risasi ikiwa ndani ya chemba, ni kutafuta balaa.

Kasi ya Spencer inatoka kwenye kitako. Unaelekeza mtutu chini, unachomoa bomba lenye springi kupitia bamba la kitako, unadondosha risasi saba zikitangulia kwa ncha, unarudisha bomba. Sanduku la Blakeslee lilibeba mabomba yaliyokwisha kujazwa risasi saba saba, na askari alizimimina moja kwa moja kwenye kitako.

"Imeandikwa 1860, basi ni ya 1860."
Hapa ndipo pesa za wanunuzi zinapotea. Maandishi ya juu ya chuma, pamoja na jina la kampuni na Boston, yana tarehe ya hataza ya Christopher Spencer: Machi 6, 1860. Siyo siku ya kutengenezwa. Karabini zenyewe zilianza kukabidhiwa jeshi Oktoba 1863. Zilizochorwa "Model 1865", zikiwemo za kiwanda cha Burnside huko Rhode Island, zilichelewa mno kushiriki vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, hata muuzaji akikuapia. Pima mtutu: wa kwanza ni inchi 22, wa 1865 ni inchi 20.

"Namba 56 katika jina la risasi ni upana wa mtutu."
Ni upana wa ganda. Risasi ya .56-56 ina ganda la takriban inchi 0.56 kitakoni na mdomoni, ilhali mtutu una karibu inchi 0.52. Ya .56-50 ina mdomo mwembamba zaidi, na ndiyo ya modeli ya 1865. Usiamini jina la modeli pekee: baada ya vita, ghala la silaha la Springfield liliweka bomba jipya ndani ya mitutu ya karabini za zamani ili zifikie kipimo cha .50. Pima chemba na mtutu kabla ya kununua risasi.

"Wapanda farasi wa Buford walishika Spencer Gettysburg."
Julai 1, 1863, siku ya kwanza ya mapigano ya Gettysburg, karabini hizo zilikuwa bado hazijatoka. Watu wa Buford, jenerali wa Kaskazini, walikuwa na karabini za risasi moja moja, za kujazwa nyuma. Spencer zilizokuwapo siku ya tatu, kwa askari wa Michigan chini ya jenerali Custer, zilikuwa bunduki ndefu.

"Custer alikufa akiwa na Spencer."
Kikosi chake cha 7 cha wapanda farasi kilikuwa nazo kwenye mapigano ya Washita mwaka 1868. Little Bighorn, 1876, alikofia, kilibeba Springfield ya 1873, risasi moja kila mara.

"Kwa vile ni risasi za bomba, ncha yoyote inafaa."
Risasi asilia zilikuwa na kilipuzi ndani ya ukingo wa ganda, kwa hiyo ncha ya risasi iliyo nyuma iliegemea katikati, pasipo na cha kulipuka. Zile zilizobadilishwa zitumie fataki (kilipuzi) ya katikati ni jambo jingine: ncha inaikalia fataki yenyewe. Lazima iwe bapa, na fataki izame chini kidogo ya uso wa ganda. Tumia baruti nyeusi tu. Risasi asilia za shaba ni za kabatini. Ganda lililozeeka hupasuka, na gesi inarudi usoni kwa mpigaji.