Je, wajua kwa nini wino wa ofseti, njia ya kuchapa vitabu na magazeti, hupita kwenye mpira kabla ya kufika kwenye karatasi?

Muhuri huchapa kwa sababu herufi zake zimeinuka, kwa hiyo wino hushika palipoinuka na kuacha palipobonyea. Bamba la mtambo wa ofseti halina mwinuko wa namna hiyo. Ukilipapasa kwa kidole huwezi kutofautisha mahali penye maandishi na mahali patupu, na hata hivyo wino ukipita juu yake hushika pale tu unapotakiwa. Kinachouongoza ni jambo analolijua kila mpishi, kwamba mafuta na maji hayachangamani.

Aliyeligeuza jambo hilo kuwa njia ya kuchapa ni Alois Senefelder, mwandishi wa tamthilia aliyeishi Munich, ambaye alianza majaribio yake mwaka 1796 akitafuta namna nafuu ya kuchapa kazi zake mwenyewe. Alichora kwa kitu chenye mafuta juu ya jiwe la chokaa, kisha akalilowesha jiwe hilo. Maji yalienea kwenye jiwe tupu na kuukwepa mchoro, na wino wa mafuta ulipofuata, ulikataliwa na sehemu zilizolowa na kupokewa na mchoro peke yake. Ndiyo maana njia hiyo huitwa litografia, neno ambalo asili yake ya Kigiriki ni kuandika kwenye jiwe.

Leo mahali pa jiwe pamechukuliwa na bamba jembamba la alumini linalofungwa kuzunguka silinda. Bamba hilo hupakwa dawa inayobadilika inapopigwa na mwanga, na leza inayoongozwa na kompyuta huchora juu yake ukurasa mzima. Likishatayarishwa, sehemu zenye picha na maandishi hubaki na utando unaopenda wino, na zilizosalia huwa alumini tupu inayopenda maji. Mtambo unapozunguka, rola za maji hulipitia bamba, kisha rola za wino.

Naona ustadi wa mchapaji hudhihirika zaidi katika kupima vitu hivyo viwili. Maji yakipungua, wino hutambaa hadi mahali patupu na karatasi huchafuka. Yakizidi, rangi hupauka, na karatasi inayonyonya unyevu hutanuka kiasi cha kufanya rangi zisikae sawasawa moja juu ya nyingine.

Bamba, hata hivyo, haliigusi karatasi kamwe. Taswira yake hupokewa na silinda ya pili iliyovishwa mpira, na mpira huo ndio unaoikabidhi kwa karatasi inayobanwa na silinda ya tatu. Mpira ni laini, hivyo hujipenyeza katika vijibonde vya karatasi ambavyo chuma kisingevifikia, na pia huliepusha bamba na msuguano wa karatasi ambao ungelichakaza mapema. Robert Barclay wa Uingereza alikwisha kutumia mbinu ya silinda ya kati mwaka 1875 kwa ajili ya kuchapa mabati. Kwa upande wa karatasi anakumbukwa zaidi Ira Rubel wa New Jersey, Marekani, ambaye mwanzoni mwa karne ya 20 aliona kwamba kila karatasi iliposahaulika kuingizwa mtamboni, wino uliishia kwenye mpira wa silinda ya kubania, na karatasi iliyofuata ilipata nyuma yake chapa safi kuliko ile ya mbele.

Picha za rangi hupatikana kwa mabamba manne, ya samawati, majenta, njano na nyeusi, kila moja likiweka vitone vidogo ambavyo jicho huviunganisha.

Kutayarisha mabamba na kurekebisha mtambo hugharimu muda na karatasi nyingi za majaribio, gharama ambayo ni ileile kwa nakala 100 au 100,000. Kwa hiyo kazi ndogo hufaa zaidi kwa mashine za kidijitali, ilhali vitabu vya kiada, maboksi ya bidhaa, ramani na lebo huenda kwenye ofseti. Magazeti huchapwa kwa mitambo inayomeza karatasi ndefu iliyoviringishwa kwa kasi kubwa, pande zote mbili kwa mara moja. Majarida yenye karatasi ya kung'aa yanayochapwa kwa mitambo ya aina hiyo hupitishwa kwenye tanuri ili wino ukauke, lakini wino wa gazeti la kawaida huachwa unyonywe tu na karatasi bila kukaushwa kwa moto, na ndiyo sababu humwachia msomaji weusi kwenye vidole.