Je, wajua kwa nini kikompyuta cha kaunta husahau ulichokiwekea jana?

Fundi amefika kaunta ya mapokezi, tuseme kwenye ofisi moja ya Mtumba, Dodoma. Amesakinisha programu ya foleni, akaiwekea ijifungue yenyewe kila mashine inapowaka, akamwonyesha dada wa mapokezi inavyofanya kazi, akaaga. Usiku umeme ukakatika. Asubuhi dada anawasha, anakuta skrini tupu, hata ikoni ya programu haipo. Anapiga simu: "Kaka, mashine yako imejifuta."

Haijajifuta. Mashine zenyewe ni thini klayenti, vile vikompyuta visivyo na feni vinavyofungwa nyuma ya skrini (kwa vumbi la Dodoma, kukosa feni ni neema). Watu wengi, mafundi wakiwemo, huamini kwamba ndani yake kuna kitu kinachosafisha diski kila zinapozimwa. Sasa hebu fikiria huo umeme uliokatika. Ulipoondoka ghafla, huo usafi ulifanyika saa ngapi? Na kama unafanyika wakati wa kuwaka, mashine iliyopakiwa mafaili mengi jana ingechelewa kuwaka kuliko ile ambayo haikuguswa. Haichelewi. Hakuna kilichofutwa kwa sababu hakuna kilichowahi kuandikwa kwenye diski. Tangu dakika ya kwanza, programu ya fundi ilikuwa inaishi kwenye RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya mashine, na RAM ikikosa umeme haibaki na kitu.

Wapo wanaokwenda upande wa pili na kusema diski imefungwa, haiandikiki. Hilo nalo halisimami. Windows huandika kwenye diski mfululizo hata ukiwa umekaa tu unaitazama. Ingekataliwa kila mara, ingejaza skrini maonyo ya makosa. Tena fundi alijaribu mbele ya dada, na programu ikafanya kazi.

Kinachotokea kinaeleweka vizuri ukiwaza ramani ya viwanja, mfano vya Iyumbu, iliyotandazwa mezani na kufunikwa kwa karatasi ya plastiki inayopitisha mwanga. Afisa anaandika kwa kalamu ya wino juu ya plastiki: hapa kiwanja kimegawanywa, pale barabara imehamishwa. Anayetazama kutoka juu anaona ramani moja iliyosahihishwa. Palipoandikwa, anasoma maandishi ya plastiki. Pasipoandikwa, jicho linapenya hadi kwenye ramani ya chini. Hata "kufuta" kiwanja ni kukipaka wino hapo juu. Mchoro wa chini haujaguswa. Jioni mtu akivuta plastiki, ramani iko vilevile ilivyochapishwa, wala hakuna aliyehangaika na kifutio.

Kwenye Windows kazi ya plastiki hufanywa na Unified Write Filter, kwa kifupi UWF, inayopatikana kwenye matoleo ya Enterprise, Education na IoT Enterprise. Enzi za Windows XP Embedded kulikuwa na ndugu zake wakubwa, EWF na FBWF. Vikompyuta vinavyotumia Linux navyo mara nyingi hufuata wazo hilohilo kwa zana nyingine. Ila tusijumlishe: zipo mashine zinazopakua mfumo mzima kutoka kwenye seva kila zinapowaka, na kwa hizo maelezo ya plastiki hayafai.

Faida ziko wazi: diski za flashi huchakaa kwa kuandikwa, na umeme ukikatika katikati ya uandishi mfumo unaweza kuharibika. Kuhusu virusi, sifa zimezidi kidogo. Kirusi kilichoingia leo kitaondoka mashine ikiwashwa upya, lakini hadi hapo kimeshapata siku nzima ya kuiba nywila, na mlango kilikopitia bado uko wazi.

Plastiki nayo hujaa. UWF isipobadilishwa ina kikomo cha MB 1,024, na hutoa onyo zikifika 512. Ikijaa kabisa, kila jaribio la kuandika hurudisha kosa mpaka mashine iwashwe upya. Ndiyo maana mashine isiyozimwa wiki nzima huanza vituko.

Sasa turudi kwa fundi. Alipaswa kwanza kuandika amri ya kuondoa plastiki, uwfmgr filter disable, awashe upya, ndipo asakinishe na kujaribu. Kisha airudishe kwa uwfmgr filter enable, awashe tena. Huko kuwasha mara mbili huwachosha watu wanaruka, halafu wanashangaa. Ukiandika uwfmgr get-config utaona majibu yamegawanyika mara mbili: mipangilio ya kikao cha sasa na ya kikao kijacho, kikao kikiwa ni muda kati ya kuwasha na kuwasha upya. Amri yako imeingia kwenye kikao kijacho. Hiki cha sasa bado kiko chini ya plastiki, na chochote utakachosakinisha humo kitakwenda na maji.

Si kila programu isiyojifungua imemezwa na UWF. Kosa la kawaida ni fundi kuweka njia ya mkato kwenye folda ya Startup (vilivyomo hujifungua mtumiaji anapoingia) ya akaunti yake ya msimamizi, wakati dada wa mapokezi anaingia kwa akaunti nyingine. Kuna folda ya Startup ya watumiaji wote. Hiyo ndiyo ya kutumia. Kwa kaunta yenye kazi moja tu, mimi ningechagua Shell Launcher, ambayo huifungua programu mahali pa desktopu. Mtumiaji akiifunga, wewe ndiye uliyeamua mapema: ijifungue tena, mashine iwake upya, izime, au isifanye kitu.

Kioja ninachokipenda zaidi kinahusu mashine zilizounganishwa na domeni, yaani mtandao wa ofisi ambamo seva husimamia kompyuta na akaunti zote. Kompyuta yenyewe, mbali na mtumiaji wake, ina nywila yake, na kwa kawaida huibadilisha kila siku 30. Inaijulisha seva nywila mpya, inaiandika juu ya plastiki, inazimwa. Ikiwaka inakumbuka ile ya zamani, na seva inaweza kukataa kuitambua: mtumiaji anaambiwa uaminifu kati ya mashine na domeni umevunjika, ingawa hakuna aliyegusa kitu. UWF ina mpangilio wa kuiruhusu siri hiyo pekee ipite hadi kwenye diski. Uwekwe kabla ya kuwasha ulinzi, kwa sababu bila huo mashine itafanya kazi vizuri wiki kadhaa, hadi fundi awe ameshasahau njia ya kwenda Mtumba.