Fidia ya bima ya nyumba baada ya dhoruba: maana yake na namna inavyohesabiwa

Neno fidia tunalitumia kwa mengi. Mwenye shamba lililopitiwa na barabara hulipwa fidia, aliyegongwa na gari hudai fidia, na asiyeweza kufunga Ramadhani kwa maradhi ya kudumu hutoa fidia kwa maskini. Kwenye bima neno hilo lina maana finyu zaidi, na ufinyu huo ndio unaowaumiza wenye nyumba upepo unapong'oa paa. Fidia ya bima ni malipo ya kukurudisha pale ulipokuwa muda mfupi kabla ya dhoruba, kadiri fedha inavyoweza kufanya hivyo. Haihusiani na rambirambi wala msaada wa maafa, na haikusudiwi kukuachia faida.

Sheria za bima za Tanzania na Kenya zimechipua kutoka kwenye sheria ya Uingereza, na huko kuna kesi ya mwaka 1883, Castellain dhidi ya Preston, ambayo inalieleza jambo hili vizuri. Mwenye nyumba mmoja wa Liverpool alikuwa amekubaliana na mnunuzi kumuuzia nyumba. Kabla mauzo hayajakamilika, moto ukaunguza sehemu yake. Bima ikamlipa. Baadaye mnunuzi naye akalipa bei yote waliyokubaliana, bila kupunguza chochote. Kampuni ya bima ikadai irudishiwe fedha zake, na Mahakama ya Rufaa ikakubali, kwa sababu mtu yule mwishowe hakuwa amepoteza kitu. Aliyepata hasara hurudishiwa hasara yake, basi.

Sasa tulete hilo kwenye bati. Nyumba yako ina miaka 15, mabati ni geji 30, yameshaanza kutu pembezoni. Usiku wa masika upepo unaondoa nusu ya paa. Umepoteza nini? Wewe utasema paa. Mkataba wa kawaida utasema paa kuukuu, na mkadiriaji hasara, yaani mtu anayetumwa na kampuni ya bima kukagua na kupima hasara, atatoa uchakavu kwenye bei ya mabati mapya kabla ya kukuandikia kiasi. Ipo mikataba mingine inayolipa kipya kwa cha zamani, yaani gharama halisi ya kuezeka upya bila kukata uchakavu, na ada yake huwa juu kidogo. Mtu akiniuliza achague ipi kwa nyumba anayoishi na watoto, namwambia achukue hiyo ya pili hata kama itambidi ajibane mahali pengine. Hakuna duka la vifaa vya ujenzi linalokuuzia bati la miaka 15 kwa bei ya bati la miaka 15.

Jambo linalopunguza fidia kuliko mengine yote, na ambalo wakala anaweza asiliguse siku ya kukata bima, ni kanuni ya uwiano. Tuseme kuijenga upya nyumba yako leo, kuanzia msingi hadi kofia ya paa, kutagharimu shilingi milioni 80. Wewe uliikatia bima ya milioni 40, kwa sababu ndiyo gharama uliyojengea zamani, au kwa sababu ulitaka ada iwe ndogo. Dhoruba inaharibu vitu vya milioni 12. Wengi hudhani kwa kuwa 12 iko chini ya 40, watalipwa yote. Sivyo. Kwa kuwa uliikatia nyumba bima ya nusu ya thamani yake, kampuni inahesabu kwamba nusu nyingine umejikatia bima mwenyewe, hivyo kila hasara, hata iwe ndogo, mnagawana nusu kwa nusu. Utaandikiwa milioni 6. Kisha inaondolewa eksesi, yaani sehemu ya hasara ambayo mkataba unasema utaibeba mwenyewe kila unapodai. Ikiwa ni asilimia 10, unabaki na milioni 5 na laki 4 za kutengenezea uharibifu wa milioni 12. Baadhi ya mikataba husamehe pengo dogo la thamani, lakini usitarajie usamehewe nusu.

Kiasi kile cha milioni 80 ni gharama ya kujenga. Kiwanja hakimo. Upepo haubebi kiwanja. Ndiyo maana bei ambayo dalali wa nyumba anakwambia utaiuzia si kipimo: Masaki, Dar es Salaam, itakuwa kubwa mno kwa sababu ya ardhi, na kijijini itakuwa ndogo mno. Mtu wa kumuuliza ni mkadiriaji majengo, au angalau fundi mkuu anayejua bei ya saruji, nondo na mbao ya mwaka huu. Na uliza tena kila unapohuisha bima, maana bei za vifaa hazikai mahali pamoja. Walionunua au kujenga kwa mkopo waangalie zaidi hapa. Mara nyingi benki ndiyo iliyokata bima, hati iko kwenye faili la benki, na kiasi kilichoandikwa kinaweza kuwa kinalingana na mkopo badala ya nyumba. Omba nakala. Ni haki yako kujua unalipia nini.

Tukija kwenye dhoruba yenyewe, mkataba hauitazami kama tunavyoitazama sisi. Kwetu dhoruba ni ule usiku wote: upepo, mvua, maji yaliyoingia sebuleni, mwembe wa jirani ulioangukia uzio. Mkataba unautenganisha usiku huo vipande vipande, na kila kipande kina kifungu chake. Upepo ulioezua paa ni dhoruba. Maji yaliyopanda kutoka mtoni au mtaroni na kuingia mlangoni ni mafuriko, na mafuriko yanaweza kuwa hayamo kabisa, au yamo kwa ada ya nyongeza. Mvua iliyoloanisha makochi inategemea ilipitia wapi. Ikiwa ilipitia tundu ambalo upepo ule ule ulilitoboa kwenye paa au dirisha, kwa kawaida inalipwa. Ikiwa ilipitia bati lililokuwa linavuja tangu mwaka jana, au dirisha lililoachwa wazi, hailipwi. Uzio, geti na mabanda ya uani navyo mara nyingi viko nje ya bima ya dhoruba mpaka uviombe kwa maandishi.

Uingereza, ambako baadhi ya wasomaji wetu wanaishi na wana bima za nyumba huko, chama cha kampuni za bima kimeweka kipimo: upepo unaovuma kwa vishindo vya maili 55 kwa saa, takriban kilomita 89, au mvua ya milimita 25 kwa saa. Msuluhishi wa huko, anayeamua migogoro kati ya wateja na kampuni, anapopokea malalamiko hujiuliza maswali matatu. Je, dhoruba ilikuwepo kweli siku hiyo? Je, uharibifu huu ni wa aina ambayo dhoruba huleta? Na je, dhoruba ndiyo iliyokuwa sababu kuu, au ilifichua tu ubovu uliokuwepo? Huku kwetu mkataba wako hauna lazima ya kutaja namba hizo, ila maswali hayo matatu yatakufuata popote ulipo. La kwanza hujibiwa na taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, kwa hiyo hifadhi tangazo la tahadhari walilotoa siku hiyo. La pili na la tatu hujibiwa na picha.

Wapo wanaosema pwani yetu haina vimbunga, bima ya dhoruba ni ya watu wa Madagascar na Msumbiji. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja na kuangusha mashamba ya mikarafuu. Tarehe 15 Aprili 1952, miaka 80 kamili baadaye, kingine kikaipiga Lindi. Mei 2024 kimbunga Hidaya kikafika Mafia, na mvua zake zikakata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi pale Somanga. Vinakuja mara chache, ni kweli. Lakini upepo wa kawaida wa masika unatosha kuezua nyumba ambayo kenchi zake hazikufungwa vizuri.

Mama yangu mdogo anaishi Kigamboni. Mwaka mmoja upepo wa alfajiri ulichukua bati tisa na kofia yote ya upande wa baharini. Alikuwa na bima, ada amelipa, thamani imeandikwa sawasawa. Nilipofika siku ya pili nikamkuta amefagia uwanja, mabati hayapo. "Yale mabati nimeshauza, mwanangu," akasema, "kijana wa vyuma chakavu alipita na toroli, nikaona yasije yakakata watoto." Mkadiriaji hasara alipokuja, alipanda ngazi, akagusa papi, mbao zinazopigiliwa mabati, kwa kidole, akashuka na kuuliza kwa upole, "Mama, bati zenyewe ziko wapi?" Hakuwa na maneno makali. Alihitaji kuona matundu ya misumari: bati lililong'olewa kwa nguvu huchanika kuzunguka msumari, na bati lililooza hubanduka lenyewe na kuacha kutu. Ushahidi huo ulikuwa umeondoka na toroli. Alilipwa kofia na dari, bati akalipwa kwa sehemu tu. Naliandika hili kwa sababu bado linaniuma. Alitupa ushahidi kwa sababu ya usafi na huruma, na hakuna aliyekuwa amemwambia.

Kwa hiyo, nyumba ikiharibika, usalama wa watu kwanza, zima umeme kwenye swichi kuu, kisha piga picha kabla ya kufagia. Piga kutoka mbali ili nyumba nzima ionekane, halafu sogea mpaka msumari uonekane. Mpigie wakala au kampuni siku hiyo hiyo na ufuatishe ujumbe wa maandishi, maana mikataba huweka siku chache za kutoa taarifa na simu peke yake haina kumbukumbu. Halafu funika. Wengine huogopa kugusa chochote wakisubiri mkadiriaji, mvua ya kesho inamalizia dari na godoro, na kampuni inasema hasara hiyo ya pili ulikuwa na wajibu wa kuizuia. Nunua turubai, mlipe fundi alifunge, chukua risiti ya vyote viwili, kwa kuwa gharama za kuzuia hasara isiongezeke nazo hudaiwa. Vilivyoharibika virundike pembeni na uviache hapo hadi vikaguliwe.

Makadirio ya fundi yawe na vipimo: bati ngapi, geji gani, futi ngapi za mbao, siku ngapi za kazi. Karatasi iliyoandikwa "matengenezo ya paa, milioni 7" inampa mkadiriaji nafasi ya kuweka namba yake. Ukiweza, leta makadirio ya mafundi wawili. Na usiongeze chumvi. Dai lenye televisheni ambayo haikuwepo linaweza kuangusha hata paa lililoezuliwa kweli, kwa sababu mkataba wa bima umesimama juu ya ukweli wa pande zote mbili.

Kampuni ikikubali, itakuletea hati ya kukiri malipo uisaini. Isome kabla ya kalamu kugusa karatasi. Mara nyingi ina maneno kwamba umepokea kiasi hicho kuwa malipo kamili na ya mwisho, na ukishasaini, dari litakalodondoka wiki mbili baadaye kwa unyevu wa mvua ile ile litakuwa mzigo wako. Kama bado kuna uharibifu unaojitokeza, sema, na uombe uandikwe. Kiasi kikionekana kidogo, omba ripoti ya mkadiriaji na hesabu yake, uone kama kilichopunguza ni uchakavu, uwiano au eksesi, maana kila kimoja kina hoja yake. Kampuni ikishikilia msimamo, Sheria ya Bima ya Tanzania ya mwaka 2009 iliweka Msuluhishi wa Migogoro ya Bima kwa ajili ya madai kama haya, na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, hupokea malalamiko dhidi ya kampuni na mawakala. Watakachokuomba kwanza ni hati yako ya bima, barua ya kampuni ya kukataa, na zile picha.