"Riwaya Yangu Haina Mshindani"

Kichwa hicho hapo juu nimekinukuu kutoka barua za waandishi wanaotuletea sisi wachapishaji miswada ya riwaya za vijana. Sentensi hiyo haikosi, kama salamu. Nikiifikia, najua mwenyewe hajakanyaga duka la vitabu siku nyingi, na hajajiuliza nani hasa atakayetoa pesa.

Kijana wa miaka 16 hapa Kenya mara nyingi hanunui riwaya. Hununuliwa. Mwangalie mzazi Januari dukani: karatasi ya shule mkononi, anatia alama kwa kalamu. Vitabu vya kiada, kamusi, atlasi, vitabu teule vya fasihi. Juu ya bei kuna kodi ya VAT ya asilimia 16, ambayo vitabu vimetozwa tangu sheria ya 2013. Akifika kwenye rafu ya hadithi, amebaki na nauli. Basi mshindani wako wa kwanza ni kamusi, hata kama riwaya yako ni ya majini wa Lamu na hakuna mwingine aliyeandika habari zao.

Wa pili ni kitabu teule. Katika mtaala wa 8-4-4, ambao sasa unaondoka, KICD, taasisi ya serikali ya kukuza mitaala, imekuwa ikiteua riwaya moja ya Kiswahili kwa shule za upili nchi nzima, nayo hutahiniwa miaka kadhaa kabla ya kubadilishwa. Wachapishaji wengi huwasilisha, riwaya moja hupita. Na hiyo iliyopita haipumui: punde si punde nakala bandia zimetandazwa kando ya barabara kwa bei ya kutupa.

Wa tatu hana hata karatasi. Ni simulizi za WhatsApp na Facebook: sehemu za mwanzo bure, ukinogewa unatuma pesa kwa simu upate zilizobaki. Wanaoziandika wanajua kukata sehemu mahali ambapo huwezi kulala bila kujua kilichofuata. Ningependa nusu ya miswada mezani kwangu iwe na ujuzi huo.

Kwa hiyo ushauri wangu, na siuchoki: nitajie vitabu vitatu vya hapa nyumbani vitakavyokaa rafu moja na chako, mchapishaji na mwaka, kisha useme aliyevisoma atakitaka chako kwa nini. Ukivikosa, hujatafuta.

Mengine ninayoyasikia kwa waandishi nitayapitia haraka.

"Nitaandika kinachovuma." Riwaya ya The Hunger Games ilitoka 2008, Divergent 2011, na wahariri wa Marekani wakafurikwa na miswada ya tawala dhalimu za kesho hadi wakaikinai. Kutoka mkataba hadi dukani hupita mwaka, mara nyingi zaidi. Wimbi unaloliona leo lilianza zamani.

"Vitabu vya vijana husomwa na vijana tu." Utafiti wa 2012 wa Bowker, kampuni ya takwimu za vitabu huko Marekani, ulikuta asilimia 55 ya wanunuzi wana miaka 18 au zaidi, na kundi kubwa ni la miaka 30 hadi 44. Acha kuandika kana kwamba unamlisha mtoto uji.

"Mtaniibia wazo." Hakimiliki hailindi wazo, hulinda namna ulivyoliandika. Mawazo tunayo tele. Miswada iliyokamilika ndiyo adimu. Lete mswada wote, si sura tatu na ahadi. Na kurasa ziwe na nambari.