Kwa Nini Ngome za Wafanyakazi Zilikigeuka Chama cha Labour?

Je, wajua kwamba tangu jimbo la Bolsover nchini Uingereza lilipoundwa mwaka 1950, halikuwahi kumpeleka bungeni mtu asiye wa Labour, chama kilichoanzishwa na wafanyakazi, hadi Desemba 2019? Kwa miaka 49 mbunge wake alikuwa Dennis Skinner, ambaye mwenyewe aliwahi kushuka mgodini kuchimba makaa ya mawe kabla ya kuingia katika siasa. Katika uchaguzi wa mwaka 2019 alishindwa na mgombea wa Conservative, chama ambacho wazee wa Bolsover walikihesabu kuwa chama cha matajiri. Usiku huohuo yaliondoka pia majimbo ya Leigh na Don Valley, yaliyokuwa ya Labour tangu mwaka 1922, na chama kikabaki na viti 202, idadi ndogo kuliko zote tangu mwaka 1935.

Wengi walieleza matokeo hayo kwa neno moja tu, Brexit, yaani Uingereza kujitoa katika Umoja wa Ulaya. Kura ya maoni ya mwaka 2016 kuhusu jambo hilo ilikuwa na uzito mkubwa kweli, lakini ukifuatilia historia ya majimbo hayo utaona kwamba hasira ilikuwa imekaa moyoni kwa zaidi ya miaka 20, na ililenga viongozi wa chama kabla ya kulenga chama chenyewe.

Labour ilizaliwa mwaka 1900 mjini London, vyama vya wafanyakazi vilipokubaliana kwamba wafanyakazi wanahitaji wabunge wao wenyewe badala ya kuwaomba wengine wawasemee. Keir Hardie, mwanzilishi wake mashuhuri, alianza kazi mgodini akiwa na umri wa miaka 10. Aneurin Bevan, waziri aliyeanzisha huduma ya afya ya taifa mwaka 1948, naye alitoka katika machimbo ya Wales. Kwa hiyo katika miji ya makaa ya mawe, chuma na nguo, kuipigia kura Labour hakukuwa jambo la kupima sera tu. Ilikuwa sehemu ya ukoo, kama vile dini ambayo mtoto huikuta nyumbani.

Uaminifu wa namna hiyo ni heshima, lakini ndani yake mna hatari, na nadhani hapa ndipo penye kiini cha jambo lote. Nchini Uingereza mbunge ni yule aliyepata kura nyingi kuliko wenzake jimboni, hata zisipofika nusu, na kura anazozipata juu ya hapo haziongezei chama chake chochote. Chama kinachotaka kushika serikali huelekeza nguvu katika majimbo yanayoweza kwenda huku au kule, nayo majimbo ya ngome hubaki kama kura za mfukoni. Katika miaka ya 1990, chini ya kiongozi wake Tony Blair, aliyekuja kuwa waziri mkuu, Labour ilijikita kuwavuta watu wa tabaka la kati, na mwaka 1995 ikaifuta ndani ya katiba yake ahadi ya kuweka njia kuu za uchumi mikononi mwa umma. Hesabu yake ilikuwa kwamba mfanyakazi wa ngome za kaskazini mwa nchi hana pengine pa kwenda.

Ngome hizo zikawa pia mahali pa kuwapatia viti watu kutoka makao makuu. Shaun Woodward alikuwa mbunge wa Conservative, akahamia Labour mwaka 1999, na mwaka 2001 akapewa St Helens South, jimbo la mji wa viwanda vya vioo. Tristram Hunt, mwanahistoria, alipelekwa Stoke-on-Trent mwaka 2010, na katibu wa chama wa jimbo hilo akaamua kugombea dhidi yake kama mgombea binafsi. Mwaka 2017 Hunt alijiuzulu ubunge ili akaongoze jumba la makumbusho London. Ninaamini mambo kama haya yaliumiza kuliko sera yoyote, kwa sababu chama kilianzishwa ili fundi na mchimbaji wajisemee, na sasa waliambiwa kwamba msemaji wao atakuja na treni.

Mkutano mkubwa wa wachimbaji wa Durham, kaskazini mwa nchi, ambao huandaliwa kila Julai kwa bendi na mabango ya migodi, unaonyesha umbali uliokuwa umeingia kati ya viongozi na watu hao. Kuanzia mwaka 1989 hadi 2012, miaka 23, hakuna kiongozi wa Labour aliyehutubia pale, hata Blair, ambaye jimbo lake la Sedgefield lilikuwa ndani ya Durham hiyohiyo.

Haki ni kusema kwamba serikali ya Blair haikuwaacha maskini mikono mitupu. Ilianzisha kima cha chini cha mshahara mwaka 1999 na ikaongeza sana fedha za shule na hospitali. Hata hivyo haikurudisha aina ya kazi iliyopotea. Katika mji wa Shirebrook, ndani ya jimbo la Bolsover, mgodi ulifungwa mwaka 1993, na baadaye mahali pake pakajengwa ghala kubwa lenye wafanyakazi zaidi ya 3,000, wengi wao wakiajiriwa kupitia mawakala na wengi wakiwa wametoka Ulaya Mashariki. Mwaka 2016 kamati ya Bunge ilieleza jinsi wafanyakazi hao walivyolipwa chini ya kiwango halali na kuishi kwa hofu ya kufukuzwa. Mwenyeji aliyeiona kazi ya baba yake, yenye chama cha kumtetea, ikigeuka kuwa kibarua cha wakala alikuwa na malalamiko ya haki, na mgeni aliyenyonywa ghalani alikuwa nayo vilevile. Viongozi wa Labour, chama cha wafanyakazi, walipaswa kuwa wa kwanza kuyasikia yote mawili.

Badala yake, mwaka 2010 Gordon Brown, akiwa waziri mkuu, alizungumza mjini Rochdale na mama mstaafu aliyeipigia Labour kura maisha yake yote, na ambaye alimuuliza kuhusu deni la taifa na wahamiaji. Alipoingia garini, kinasa sauti kikiwa bado kwenye nguo zake, alisikika akimwita mbaguzi. Alikwenda nyumbani kwake siku ileile kuomba radhi, lakini nchi nzima ilikuwa imekwisha kusikia.

Kabla ya kuhamia vyama vingine, wapiga kura wa ngome hizo walinyamaza tu, wengi wakiacha kupiga kura. Mwaka 2001, katika jimbo la Liverpool Riverside, ni asilimia 34 tu ya wapiga kura waliojitokeza, na Labour ikashinda kwa urahisi. Kati ya mwaka 1997 na 2010 kura za chama nchini zilishuka kutoka milioni 13.5 hadi milioni 8.6. Mwaka 2017, chini ya kiongozi wake Jeremy Corbyn, chama kiliahidi kuheshimu uamuzi wa kujitoa Ulaya na kikapata asilimia 40 ya kura. Miaka miwili baadaye kiliahidi kura ya maoni ya pili, na katika maeneo kama Bolsover, ambako takriban watu saba kati ya kumi walikuwa wamechagua kujitoa, ahadi hiyo ilisikika kama amri ya kurudia mtihani.

Keir Starmer, aliyemfuata Corbyn, alirudisha majimbo mengi hayo mwaka 2024, na Bolsover ikiwemo. Lakini viti 411 alivyovipata vilitokana na asilimia 34 tu ya kura, na ndani ya mwezi mmoja serikali yake ilitangaza kuwaondolea mamilioni ya wastaafu ruzuku ya kupashia nyumba joto wakati wa baridi. Ilirudi nyuma kwa sehemu kubwa Juni 2025. Mwezi mmoja kabla ya hapo, halmashauri ya Durham, ambayo Labour iliishika kwa mara ya kwanza mwaka 1919, ilikuwa imechukuliwa na Reform, chama cha mrengo wa kulia kinachopinga uhamiaji mkubwa.