Je, wajua kwa nini mwanafunzi wa kidato cha nne anakiandika Kiingereza lakini kukiongea kunamshinda?

Piga hesabu ya kipindi kimoja. Kipindi cha sekondari ni dakika 40. Darasa likiwa na wanafunzi 60, hata mwalimu asiposema neno na kumsimamisha mmoja mmoja, kila mwanafunzi anapata sekunde 40 tu. Na mwalimu gani asiyesema neno? Masomo mengine nayo hufundishwa kwa Kiingereza tangu kidato cha kwanza, ila huko kazi kubwa ni kusikiliza na kunakili ubaoni. Mdomo haujapewa zamu.

Zamu hiyo inapatikana kwa kuwapanga wawili wawili, kila mmoja akiwa na taarifa ambayo mwenzake hana. Kwa wanafunzi wa Mwanza, safari za ziwani zinafaa sana. Andaa karatasi mbili zenye safari sita: Bukoba, Nansio, Sengerema na kadhalika. Karatasi A ina saa za kuondoka bila nauli. Karatasi B ina nauli bila saa. Namba unaweza kuzibuni. Wakae wakitazamana, daftari likisimamishwa katikati ili wasichunguliane. Usiwaweke mgongo kwa mgongo: jozi 30 zikipaza sauti, darasa la jirani litakuja kulalamika.

Kabla ya kugawa karatasi, andika ubaoni "What time does the boat to Nansio leave?" Waseme wote mara tatu, kisha futa nusu ya maneno. Ukiruka hatua hii, utasikia "Nansio?" "Eight." Jibu limepatikana, Kiingereza hakijasemwa.

Makosa yatakayojitokeza yana chanzo chake. "The boat leaves what time?" ni mpangilio wa Kiswahili: sisi tunasema "meli inaondoka saa ngapi", swali likikaa mwishoni bila kugusa kitenzi. Akishajua kutanguliza "does", atasema "does the boat leaves", maana hajaona kwamba ile "s" imekwishahamia kwenye "does". La saa ndilo sugu zaidi. Saa tatu usiku inageuka "three o'clock" hata kwa mwanafunzi anayeongoza darasa, kwa kuwa saa ya Kiswahili na ya Kiingereza zinapishana kwa saa sita. Hilo usilieleze kwa maneno mengi; chora saa ya mishale ubaoni, wasome namba ambayo mshale mfupi umeielekea.

Katika kila jozi, mwanafunzi dhaifu aanze yeye kuuliza, la sivyo mwenye nguvu atamaliza kazi peke yake. Wewe zunguka na kalamu, usimkatize mtu. Andika makosa matano uliyoyasikia, na katika dakika kumi za mwisho yaweke ubaoni bila kutaja majina, wayasahihishe wenyewe. Nyumbani waandike aya ya sentensi sita kuhusu safari mojawapo. Mtihani wa Novemba ni wa kalamu, na sentensi iliyokwisha kutamkwa huandikika upesi.