Kabla hujampa fundi diski kuu (hard disk) ya kompyuta yako ya zamani

Tangu Microsoft ilipositisha masasisho ya bure ya usalama ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kompyuta nyingi zilizokuwa zinafanya kazi vizuri tu zimewekwa kando kwa sababu hazikidhi masharti ya Windows 11. Wenyewe wameng'oa diski kuu, wakaichomeka kwenye mashine mpya kwa waya wa USB, na huko wakakutana na folda isiyofunguka. Kwa wengine kompyuta iliungua kwa hitilafu ya umeme, diski ndiyo iliyosalimika. Wote wanafika kwenye dawati letu la kuokoa faili na maneno yaleyale: "Folda imejifunga, naomba mnivunjie."

Ombi tunalielewa. Ila jibu linategemea jambo ambalo mteja mara nyingi hajaliangalia, yaani ni nini hasa kinachozuia. Kuna diski tunayoifungua mwenyewe akiwa bado amekaa kwenye benchi, na kuna nyingine ambayo hata tukikaa nayo miaka haitafunguka. Kwa macho zinafanana.

Zilizo nyingi ni suala la ruhusa tu. Unaingia kwenye diski ya zamani, unafungua Users, unabofya folda yenye jina lako, Windows inakuambia huruhusiwi. Bofya folda hiyo kwa kitufe cha kulia, nenda Properties, kisha Security. Ukiona penye jina la mtumiaji pameandikwa tarakimu ndefu zinazoanza na S-1-5-21, na kialama cha kuuliza pembeni yake, tulia. Hiyo ni namba ya akaunti yako ya zamani. Windows humtambua mwenye folda kwa namba, na mashine mpya haiijui namba hiyo hata kama umefungua akaunti yenye jina lilelile na pasiwedi ileile. Faili zenyewe hazijaguswa.

Kama diski ni nzima na ni yako, fungua Command Prompt, yaani dirisha la Windows la kuandikia amri, kwa hadhi ya msimamizi. Tuseme diski imesomeka kama E na folda inaitwa Asha: andika takeown /f "E:\Users\Asha" /r /d y, subiri imalize, halafu andika icacls "E:\Users\Asha" /grant "%username%":F /t. Amri ya kwanza inakupa umiliki, ya pili inakupa haki ya kusoma na kuandika. Usizielekeze kamwe kwenye C, yaani sehemu yenye Windows, ya mashine unayoitumia. Watu wanaiga video, wanazipiga amri hizi kwenye diski nzima, Windows inavurugika, kisha wanakuja kusema diski ya zamani ina virusi.

Sasa lipo jambo tungependa liwashtue wananchi kidogo. Ukiwasha kompyuta kwa Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, iliyo kwenye flashi, Ubuntu kwa mfano, folda hiyohiyo inafunguka bila kukuuliza chochote. Maana yake pasiwedi ya kuingilia Windows hailindi faili zako diski ikishatoka ndani ya kompyuta. Anayeiokota anasoma. Na zile programu za bure za kufunga folda kwa pasiwedi, nyingi huificha tu folda isionekane.

Aina ya pili ni ngumu zaidi. Folda inafunguka, majina ya faili unayaona, lakini ukibofya faili inakataa, na kwenye picha yake kuna kikufuli kidogo. Kwenye Windows za zamani jina huwa la kijani. Hizo zimesimbwa, yaani zimegeuzwa zisisomeke bila ufunguo, kwa EFS, njia ya Windows ya kufunga faili mojamoja. Ufunguo wake hukaa ndani ya wasifu wa mtumiaji wa zamani, nao unalindwa na pasiwedi yake ya zamani. Tukiwa na wasifu huo mzima pamoja na pasiwedi, au na faili ya cheti yenye kiishio cha .pfx uliyoihifadhi wakati ule, tunaweza kusaidia. Tatizo ni kwamba wengi hufika wakiwa wameshapitia kwa fundi aliyepiga Windows upya "ili iwe nyepesi" na kumhakikishia mteja kwamba faili zake ziko salama kwenye D. Ni kweli zipo. Ufunguo ulikuwa C.

Ya tatu ni BitLocker, njia nyingine ya Windows ya kusimba, ambayo hufunga sehemu nzima ya diski kabla hata hujaiona folda. Hapa utadaiwa ufunguo wa urejeshaji wa tarakimu 48, makundi 8 ya tarakimu sita sita. Tunasikia kila mara, "Mimi sikuwahi kuweka kitu hicho." Inawezekana kabisa. Kompyuta nyingi za miaka ya karibuni hujisimba zenyewe pale unapoingia kwa akaunti ya Microsoft mara ya kwanza, na ufunguo unahifadhiwa kwenye akaunti hiyo. Ingia account.microsoft.com/devices/recoverykey kwa barua pepe uliyoitumia siku unaanza kuitumia mashine, kisha linganisha utambulisho wa ufunguo unaoonekana kwenye skrini na ule wa kwenye orodha. Kama kompyuta ilikuwa ya ofisi, waulize watu wa TEHAMA wa ofisi hiyo. Ufunguo usipopatikana popote, hakuna wa kukufungulia: si sisi, si Microsoft, si fundi yeyote wa Kariakoo. Anayekuambia "niachie, kesho njoo" ataifomati, nawe utarudishiwa diski inayofunguka ikiwa tupu.

Kuhusu diski zenye hitilafu tutasema kwa ufupi. Ikitoa mlio wa kugongagonga, chomoa. Usiendeshe chkdsk, programu ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski, usijaribu "mara moja tu ya mwisho". Diski inayosoma kwa kusuasua inanakiliwa kwanza yote kwenda diski nyingine yenye ukubwa usiopungua wa kwake, sisi tunatumia ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu, na kazi ya kufungua folda inafanyika kwenye nakala. Na tafadhali acheni kuweka diski kwenye friza. Ikitoka huko inafanya umande ndani, na kichwa cha kusomea hupita juu ya sahani kwa umbali mdogo kuliko vumbi la kawaida. Ushauri huo wa friza umesambaa kwenye makundi ya WhatsApp kwa miaka, nasi tumechoka kuukanusha.

Upande wa sheria ndio unaotuletea malalamiko mengi, kwa hiyo tuuweke wazi. Hapa Tanzania, kifungu cha 4 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinakataza kuingia kwa makusudi kwenye mfumo wa kompyuta kinyume cha sheria. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 3 au mara tatu ya faida iliyopatikana, yoyote iliyo kubwa, au kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au vyote viwili. Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inatoa adhabu kwa kufichua taarifa binafsi isivyo halali: kwa mtu binafsi faini kati ya shilingi 100,000 na milioni 20, kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote, kwa kampuni faini inaweza kufika shilingi bilioni 5. Fundi anayejiwekea nakala ya picha za mteja ajitafakari hapo.

Aliyenunua kompyuta ya mtumba na kukuta folda ya mwenyewe wa kwanza naye aelewe kwamba alinunua diski. Picha za harusi, taarifa za benki na vyeti vilivyomo havikuwa sehemu ya biashara. Kuvifungua "kuona tu kuna nini" si utetezi. Futa diski yote, na kufuta si ile fomati ya haraka ya sekunde chache, ambayo huacha faili palepale.

Kwa sababu hizo hatupokei diski bila uthibitisho. Lete kitambulisho cha NIDA, na risiti ya kompyuta. Asiye na risiti alete barua ya serikali ya mtaa pamoja na maelezo ya maandishi ya angalau faili mbili zinazotarajiwa kuwemo, tutakazozitumia kuhakiki. Kompyuta ikiwa ya mwenzi wako tunahitaji ridhaa yake kwa maandishi. Cheti cha ndoa pekee hakitoshi, na tunaomba tusibishane dirishani kuhusu hili. Kama mwenyewe ni marehemu, mwombaji awe msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, aje na nakala ya uteuzi huo. Muhtasari wa kikao cha ukoo ni wa kufungulia shauri la mirathi mahakamani. Haufungui diski.

Utajaza fomu ya makabidhiano nakala mbili, moja utaondoka nayo. Njoo na diski nyingine tupu ya kuwekea faili zitakazopatikana, hatutoi flashi. Diski ambayo kifuniko chake kimeshafunguliwa skrubu hatuipokei.